Vijana Tunasoma, Ila Mmetunyima Majini kwa Kiswahili

Mwaka unaisha na kila mtu anatoa orodha ya vitabu alivyopenda. Yangu hii hapa, ila nawaonya mapema: si orodha ya kubembeleza. Ina kesi ndani yake, na washtakiwa wapo.

Mwaka huu nimesoma fantasia na vitabu vya vijana kuliko mwaka mwingine wowote. Wachawi wa kila aina, wasichana wenye damu ya dhahabu, chombo cha angani chenye uhai, paka msomi anayebishana katikati ya bahari. Nimesoma kwa matatu, nimesoma kwa foleni, na stima ikipotea nimesoma kwa mwanga wa simu. Vilivyonigusa zaidi vilikuwa vitano, na vyote vitano niliviosoma kwa Kiingereza. Hata kile cha Mombasa. Hata kile chenye neno la Kiswahili kwenye jalada!

Sasa nauliza: kwani Kiswahili kilikosea nini? Hii ndiyo lugha ambayo bibi zetu walitusimulia mazimwi nayo. Ina maneno ya kila aina ya jini, pepo, mzuka na kibwengo. Lakini kijana wa Kenya akitaka kusoma hadithi ya ajabu kwa raha zake tu, bila mtihani, lazima ahame lugha.

Msimamo wangu ni huu. Vijana tunasoma, na hadithi za ajabu tunazipenda sana. Waliotuzoesha kuzipata kwa Kiingereza peke yake ni watu wazima walioamua kwamba kitabu cha Kiswahili kwa kijana ni dawa ya kumeza, si chakula cha kufurahia. Naleta ushahidi, kitabu kwa kitabu.

Naanza na Binti, cha Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Kilitoka 2015, kikanyakua Hugo na Nebula, zile tuzo mbili kubwa za hadithi za sayansi na fantasia. Binti ni msichana wa Kihimba, wale wa Namibia, na kwa hesabu ni moto. Anapata nafasi katika chuo kikuu kilicho kwenye sayari nyingine, wa kwanza wa watu wake kuitwa huko. Familia haitaki aende. Anatoroka usiku akiwa amejipaka otjize, ule udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, na huko njiani watu wanamtazama kama kituko. Ni kitabu chembamba, unakimaliza kwa siku moja. Ndani yake kuna swali ambalo kila mtoto wa kwanza kutoka kijijini kwao kuja kusoma Nairobi analijua: unaweza kuondoka nyumbani na bado ukabaki wa nyumbani?

Hilo neno binti tulilitoa kwa Waarabu, tukalimalizia na irabu yetu, likawa Kiswahili safi. Limeenda hadi sayari nyingine na kurudi na tuzo mbili. Kitabu chenyewe nimekitafuta kwa Kiswahili, sijakipata. Yaani jina ni letu, hadithi tunaazima.

Cha pili ni Akata Witch, cha Okorafor huyo huyo, cha mwaka 2011. Sunny ana miaka kumi na miwili. Alizaliwa New York, sasa anaishi Aba, Nigeria, na ana ualbino. Anapenda kandanda lakini jua halimruhusu kucheza mchana, na shuleni wanamsumbua. Kisha anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye nguvu za uganga. Kitu kilichoniua kabisa ni pesa zao. Zinaitwa chittim, na zinaanguka kutoka hewani unapojifunza kitu. Umeelewa jambo gumu? Vipande vya chuma hivyo, vinakulia miguuni! Hebu fikiria dunia ambapo anayejua ndiye tajiri, si anayemjua mtu.

Na hapa ndipo naskia mama na shangazi zetu wakisema, "Mtoto wangu hasomi mambo ya uchawi." Shangazi, kwa heshima zote, hebu tuongee. Matangazo ya waganga yako kwenye kila nguzo ya stima kuanzia hapa hadi Malaba: kurudisha mpenzi, kushinda kesi, kuongeza biashara. Hayo mtoto wako anayasoma kila siku akienda shule, bure. Na katika eneo letu hili la Afrika Mashariki, watu wenye ualbino wamewindwa, wamekatwa viungo na kuuawa kwa sababu ya imani kwamba miili yao inaleta utajiri. Hiyo si fantasia, hizo ni habari. Sasa Okorafor anachukua msichana mwenye ualbino, anamfanya shujaa, anampa marafiki watatu na kazi ya kumkomesha mtu anayeteka na kuua watoto kwa ajili ya nguvu za giza. Kati ya kitabu hiki na lile tangazo la kwenye nguzo, ni kipi kinafundisha uchawi? Kitabu kinampa mtoto hoja ya kumkatalia mganga. Unapokificha, unamwachia mganga uwanja.

Cha tatu, Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, 2018. Kwanza kicheko: watu wenye nguvu za ajabu katika kitabu hiki wanaitwa maji. Msomaji wa Kiswahili anaingia sura ya kwanza anawaza ni hadithi ya bomba lililopasuka. Baada ya hapo hucheki tena. Mfalme Saran amewaua maji wote waliokuwa watu wazima, na watoto wao wamebaki na nywele nyeupe zinazowatambulisha popote waendapo. Zélie ni mmoja wao. Mama yake aliuawa, na sasa ana nafasi moja ya kurudisha nguvu hizo. Dunia yote imejengwa juu ya miungu ya Wayoruba.

Kuna wale wasomi wa kukunja uso wanaosema fantasia ni kukimbia ukweli, kwamba Afrika ina shida za kweli na mwandishi mzito anaandika juu ya njaa na ufisadi. Adeyemi mwenyewe ameeleza mwishoni mwa kitabu chake kwamba alikiandika wakati kila akifungua habari alisikia Mmarekani mweusi asiye na silaha amepigwa risasi na polisi. Alichukua woga huo akaujengea nchi nzima, akaupa mfalme, askari na majeshi, ili sisi tuuone bila kupepesa macho. Huko ni kukimbia? Sisi tuliokuwa na umri wa kuelewa Juni 2024 hatuhitaji mtu atufafanulie serikali inayoogopa watoto wake. Tulikielewa kitabu hiki kuliko tahariri nyingi za magazeti. Kando yake weka The Gilded Ones cha Namina Forna, mzaliwa wa Sierra Leone, kilichotoka 2021. Ndicho chenye yule msichana Deka, ambaye damu yake ni ya dhahabu na kijiji kizima kinamhesabu si safi. Kila msichana aliyewahi kupimwa thamani na watu wasiomuuliza chochote atajua kinazungumza nini.

Sasa tuje nyumbani. Cha nne katika ule utano wangu ni The House of Rust cha Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa. Kilitoka 2021 baada ya kushinda tuzo ya kwanza kabisa ya Graywolf ya waandishi wa Afrika. Mwaka uliofuata kikashinda tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin, huko Marekani. Aisha ni msichana wa Mombasa mwenye asili ya Hadhramaut. Baba yake mvuvi amepotea baharini. Nyanya yake anamtakia ndoa na utulivu. Aisha anapanda chombo kilichotengenezwa kwa mifupa, pamoja na paka msomi mwenye maneno mengi, na kwenda kumtafuta baba kati ya madude ya bahari. Kuna kunguru wanaozungumza, na ukiwajua kunguru wa Mombasa utaamini kila neno.

Nilipokisoma kulikuwa na kitu kinanisumbua, na ikanichukua kurasa kadhaa kukijua: nilikuwa naitafsiri kichwani. Nyanya akiongea kwa Kiingereza, mimi namsikia kwa Kimvita. Simlaumu mwandishi hata kidogo. Ameandika kwa lugha aliyoitaka na ameandika vizuri ajabu. Ninaowalaumu ni wale ambao kitabu hiki kilipita mbele ya macho yao, kikipepea na tuzo mbili, na hakuna aliyesema, "Hiki tukilete kwa Kiswahili, watoto wa Likoni na Kisauni wakisome." Msichana wa huko anaweza kuishi mwendo wa feri kutoka mahali hadithi inapotokea na asiwahi kujua ipo.

Cha tano ni cha zamani: A Wizard of Earthsea cha huyo Le Guin, cha mwaka 1968. Mvulana anayeitwa Ged anasomea uganga kisiwani, kwa kiburi anafungulia kivuli kibaya, kisha anahangaika nacho visiwa vyote. Nguvu za huko ziko katika majina: ukijua jina la kweli la kitu, unakimiliki. Na Ged si Mzungu. Ngozi yake ni ya kahawia iliyoiva. Le Guin aliliamua hilo makusudi, na kwa miaka mingi alilalamika wachora majalada na watengeneza filamu walipomfanya mweupe. Mbona nimekitia hapa? Kwa sababu hicho kitabu cha majina ndicho kilinifanya niwaze juu yetu. Ikiwa nguvu iko katika kujua jina la kweli la kitu, basi kizazi kinachojua majoka kwa Kiingereza peke yake kimenyang'anywa nusu ya nguvu zake.

Najua jibu la kwanza nitakaloletewa: Kiswahili hakina utamaduni wa fantasia. Uongo mtupu. Fumo Liyongo hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni, na siri hiyo ilitolewa na mwanawe mwenyewe. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima inayoelea angani, kisha mwaka uliofuata akatoa Adili na Nduguze, kitabu cha majini na ndugu waliogeuzwa manyani. Kenya hii hii, Katama Mkangi, mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini kwa siasa zake, aliandika Walenisi mwaka 1995: mtu anahukumiwa kifo, anarushwa na chombo, anatua katika nchi ya watu waliojipanga kuliko sisi. Soma jina hilo polepole: wale ni sisi. Kyallo Wadi Wamitila akatoa Bina-Adamu! mwaka 2002, safari ya ajabu ya kutafuta kilichoiharibu dunia. Kama huo si utamaduni, utamaduni ni nini?

Swali ni nani alivificha. Vitabu hivi vimefungiwa chuo kikuu, wanavichambua watu wa shahada, huku kijana wa miaka kumi na tano ambaye angevimeza usiku mmoja hajawahi kuviona. Kijana huyo Kiswahili anakijua kwa sura ya setibuku tu. Na nisieleweke vibaya, Chozi la Heri ni kitabu kizuri, na maumivu ya wakimbizi wa ndani lazima yaandikwe. Tatizo ni tulivyokisoma kilipokuwa setibuku. "Weka dondoo hili katika muktadha wake, alama nne." "Fafanua sifa za mhusika huyu, alama sita." Kila ukurasa ulikuwa na kalamu nyekundu inakusubiri. Ulipomaliza mtihani ulikiuza kwa wa darasa la chini, na mkataba wako na Kiswahili ukaisha. Hakuna kitabu cha Kiswahili ulichowahi kukifungua bila mtu kukudai maudhui.

Jibu la pili ndilo la wachapishaji: soko halipo. Hili linanikasirisha kuliko yote, kwa sababu soko linaonekana kwa macho. Mwaka 2010 jarida la vibonzo la Shujaaz lilianza kutolewa bure nchini, kwa Sheng, na yule DJ Boyie wa redio yake ya siri. Vijana walilisoma hadi karatasi ikachakaa. Nenda Tanzania uone simulizi za majini na mapenzi zinavyosomwa kwenye simu, sehemu kwa sehemu, watu wakimsihi mwandishi aweke inayofuata. Tembea katikati ya Nairobi uone wauza vitabu wa kando ya barabara, wale wa inama-uchague: vitabu vya vijana vya mitumba vinaondoka kila siku. Mtu anatoa pesa ya chakula cha mchana anunue kitabu cha pili cha mfululizo. Huyo ni msomaji. Mnachosema kwa kweli ni kwamba kuuzia shule ni rahisi kuliko kumuuzia yeye, kwa sababu kitabu kikiidhinishwa hakihitaji kupendwa. Hilo nalikubali. Ila liiteni kwa jina lake, msiseme vijana hawasomi.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mchapishaji. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kila Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitenga kwa ajili ya Kiswahili, viongozi wanavaa vitenge na kutusomea hotuba. Serikali hiyo hiyo, kwa sheria ya VAT ya mwaka 2013, ilivitoza vitabu ushuru wa asilimia 16. Ukitaka lugha ikue, usimtoze kijana kwa kuisoma.

Na wale watakaosema kutafsiri ni kazi isiyowezekana, kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo, nawakumbusha kwamba Elisi alishaingia Nchi ya Ajabu kwa Kiswahili mwaka 1940, tena kwa mkono wa mwanamke Mwingereza. Ida Hadjivayanis akamtafsiri upya mwaka 2015, kisha mwaka 2022 akatupa Peponi, tafsiri ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah. Harry Potter ametafsiriwa hadi kwa Kilatini na Kigiriki cha kale, lugha ambazo hakuna mtoto anayeombea chai nazo asubuhi. Sisi tuko mamilioni, tunaombea chai, tunatongozana na kutukanana kwa Kiswahili. Kisingizio cha maneno kimekufa.

Basi madai yangu ni haya, na hayahitaji muujiza. Moja, mchapishaji yeyote wa Kenya anunue haki za The House of Rust na Binti, atafute mtafsiri anayeijua bahari na mwingine anayeijua mitaa, awalipe vizuri. Mbili, Walenisi na Adili na Nduguze vitolewe upya kwa jalada la kuvutia na bei ya mfuko wa mwanafunzi, bila maswali ya marudio nyuma. Tatu, walimu watupe kitabu kimoja kwa mwaka kisicho na alama hata moja. Usitahini. Ukimkuta mwanafunzi anakisoma chini ya dawati wakati wa somo lako, mwalimu wangu, geuka upande mwingine.

Na nne ni letu sisi vijana. Tuandike. Usingoje kuruhusiwa. Una simu, una nyanya aliyekusimulia zimwi la mtoni, una Kiswahili chako cha Kayole au cha Lamu. Andika sura moja, iweke mtandaoni, kisha ya pili. Isiwe sanifu? Sawa, wahariri watakuja. Mimi nimeshaanza yangu: ina jini la Ngong Road linalokula wanaokwama kwenye jam, na ninawahakikishia halishibi. Sura ya kwanza naitoa wiki ijayo.